Wivu na Hifadhidata ya Kukodi

Seva yangu ilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi yetu ya Ukunda, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa. Ilikuwa kompyuta nzito, nyeusi, na feni yake ilivuma mchana kutwa. Wenzangu walikuwa wakilalamika kwamba inawatia joto. Mimi sikuwahi kulalamika. Nilikuwa nimeiunga kwa mikono yangu, na hifadhidata iliyokuwa ndani yake niliiandika mwenyewe, mwaka ule ule nilioolewa. Mume wangu alizoea kusema kwamba mwaka ule nilifunga ndoa mbili. Alisema akicheka, kwa hiyo sikumjibu.

Tulikuwa tunatengeneza kifaa kimoja tu. Ni ukanda laini wenye taa ndogo, unaofungwa kwenye unyayo wa mtoto mchanga. Unapima oksijeni na mapigo ya moyo, kisha vipimo vinasafiri kwa mtandao wa simu mpaka kwenye hifadhidata. Daktari wa watoto aliyeko mbali hufungua skrini yake akaona: mtoto wa zahanati hii ni kijani, hajambo; mtoto wa zahanati ile amegeuka mwekundu, oksijeni imeshuka, piga simu sasa hivi. Zahanati nyingi za kwetu Kwale hazina daktari wa watoto. Zina muuguzi mmoja au wawili, na mume wangu ni mmoja wa wauguzi hao, upande wa Bodo, karibu na kijiji alikozaliwa. Sisi wenyewe tulikuwa tunaishi Msambweni. Asubuhi yeye alishika njia ya kusini na mimi ya kaskazini.

Mkurugenzi wetu alikuwa daktari mstaafu, mtu wa Kinango. Wale waliokulia kwenye ukame wa Kinango hawamwagi maji ovyo, na yeye hakuwa akimwaga hata maneno. Siku moja, baada ya stima kukatika tangu asubuhi, betri zikaisha nguvu, seva ikazimika na skrini ya daktari ikawa tupu, aliniita akaniambia, "Mwanangu, roho za watoto haziwezi kutegemea chumba kimoja juu ya duka. Tutahamia kwenye wingu."

Wingu ni kompyuta za watu wengine, kubwa, zilizoko mbali, unazozikodi. Nilijua alikuwa akisema kweli. Nilijua hivyo kabla yake. Lakini nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoijenga ina nyufa, na tena ameambiwa mbele ya majirani.

Kisha akamleta mgeni.

Alikuwa dada wa rika langu kutoka bara, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo. Alikuwa amefanya kazi Nairobi kwa miaka na hizo hifadhidata za kukodi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Sasa, wasee!" Ofisi nzima ikacheka na kumjibu. Mimi nikasema "Salama," kama ninavyomjibu karani wa serikali. Kufika saa ya chakula, wenzangu walikuwa wameizunguka meza yake na mahamri yao mkononi, wakitazama jinsi ile hifadhidata ya wingu inavyojibu. Unauliza hivi, jibu liko hapo. Yangu ilikuwa ikivuta pumzi kwanza. Nilikula mbaazi zangu peke yangu nikijifanya ninasoma. Mara skrini yake ikaganda kidogo, nikasikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Kisha ikaendelea, na raha yangu ikaisha.

Mkurugenzi aligawa kazi kwa maneno machache. Mgeni ataiunganisha ile hifadhidata na kifaa chetu. Mimi nitaitathmini. "Wewe ndiwe unayejua inatakiwa kufanya nini," akaniambia. "Usiipitishe kwa kumwonea mtu haya, wala usiikatae kwa kumchukia mtu." Alisema hivyo akitazama dirishani, lakini nilijua kwamba meza ya mahamri alikuwa ameiona.

Kwa wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo. Ukitengeneza programu ya duka, unaweza kutumia kitu cha mtu mwingine kwa sababu tu kila mtu anakitumia. Kwenye kifaa cha hospitali hilo halitoshi. Kitu ambacho hukukiandika mwenyewe lazima useme unakihitaji kwa kazi gani hasa, kinaweza kuharibika vipi, na kikiharibika mgonjwa atapatwa na nini. Kisha ukijaribu, uone kwa macho yako. Na hifadhidata ya kukodi ina tabia yake ya ziada: mwenyewe anaweza kuibadilisha wakati wowote kule aliko, na wewe ukaamka asubuhi unatumia kitu usichowahi kukipima.

Kwa hiyo nilikuwa na maswali, na niliyauliza yote. Habari za watoto zitalala nchi gani? Ni nani mwenye ufunguo wa kuzifungua? Mwenye hifadhidata akiibadilisha, tutaambiwa kabla au tutajionea? Akifunga biashara, tutazitoa vipi? Yalikuwa maswali ya haki, lakini niliyauliza kwa ukali. Yeye aliyajibu moja moja, bila kukunja uso, na asilolijua alisema halijui, akaenda kulitafuta. Kila mara alianza kwa kusema, "Hiyo ni swali poa." Kila aliposema hivyo nilihisi ananipigia makofi kama mtoto wa chekechea.

Ikaja siku ya kujaribu kifaa mahali pa kazi. Tulichagua zahanati ya mume wangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbali na yenye mtandao mbovu. Mmoja wetu ilibidi aende na kifaa, na mwingine abaki Ukunda kutazama skrini anayoiona daktari. Mimi ndiye niliyeijua skrini ile kuliko wote, kwa hiyo nilibaki. Yeye akaenda, amebeba kifaa na ule mguu wetu wa mpira. Mguu huo una mtambo ndani. Unaweza kuuamuru uigize mtoto mzima, au mtoto anayezidiwa.

Asubuhi yote tuliunganishwa kwa simu. Nilimsikia akipanga vitu juu ya meza, nikamsikia mume wangu akimwonyesha pa kuchomeka waya, kisha nikawasikia wanacheka. Kicheko cha mume wangu ninakijua. Kipo cha adabu, anachowapa wakubwa wa wilaya, na kipo kile kinachotoka tumboni. Hiki kilitoka tumboni.

"Mnacheka nini?" niliuliza.

"Ah, mzee wako ananipea stori za Bodo," yeye akasema. "Tuendelee. Nimezima network sasa."

Jaribio lilikuwa hivi. Anazima mtandao wa kifaa. Kifaa, kwa kuwa hakina pa kutuma, kinavihifadhi vipimo ndani yake. Wakati huo anauamuru mguu wa mpira uanze kuzidiwa. Kisha anawasha mtandao, na mimi huku ninapaswa kuona mtoto amegeuka mwekundu. Alifanya hivyo, nikaona nyekundu. Akarudia, nikaona nyekundu. Akarudia tena, na skrini yangu ikageuka nyekundu, kisha, mbele ya macho yangu, ikarudi kijani.

"Huko kikoje?" nikauliza.

"Red. Anazidiwa kabisa."

"Mimi ninaona kijani."

"Haiwezi," akasema.

Sijui nilisemaje baada ya hapo. Ninachokumbuka ni furaha. Ilinipanda kama maji ya bamvua, nikasimama kwenye kiti. Kijani! Mtoto anakufa na hifadhidata yao ya kifahari inasema hajambo! Nilimwita mkurugenzi aje aone. Alipofika skrini ilikuwa imeshageuka nyekundu tena, kwa kuwa vipimo vipya vilikuwa vimefika. Nikamwambia yule dada arudie. Akarudia. Nyekundu. Akarudia tena na tena mpaka adhuhuri, na kila mara ikawa nyekundu, sawasawa kama inavyotakiwa. Ile kijani haikurudi.

Mkurugenzi alisimama nyuma ya kiti changu muda wote. Mwishowe aliniuliza polepole, bila ubaya, "Mwanangu, uliona, au ulitaka kuona?"

Swali lile liliniuma. Kama ningekuwa sina wivu, ningesema niliona, basi. Lakini nilikuwa nimeitamani kijani ile tangu siku ya mahamri, na mtu anayekitamani kitu kwa kiasi hicho, macho yake si shahidi mzuri.

Jioni nilimkuta mume wangu amefika nyumbani kabla yangu, ameketi barazani na kikombe cha chai ya tangawizi. Nilivua viatu bila kumsalimu sawasawa.

"Yule dada ana akili," akasema.

"Akili gani?"

"Ya kazi. Tena hana makuu. Alinisaidia hata kuutengeneza ule mzani wa watoto."

"Mimi nilikuambia niutengeneze ule mzani."

"Uliniambia. Tangu Ramadhani." Akanitazama. "Mke wangu, ninashinda kutwa na wanawake wanaojifungua. Ukianza wivu, tutauweka wapi?"

"Sina wivu na wewe."

Na ilikuwa kweli, au karibu na kweli. Sikuogopa kwamba atanichukulia mume. Nilichokiogopa sikuwa na jina lake. Nilikuwa mtu wa lazima, pale ofisini na hata kwenye zahanati ile. Kifaa kikigoma, ni mimi niliyepigiwa simu. Sasa watu walikuwa wakigundua kwamba wanaweza kumpigia mwingine, na kwamba mwingine huyo anacheka vizuri zaidi.

Niliingia jikoni kukuna nazi. Mkono ukienda na kurudi juu ya mbuzi, nilijilazimisha kuifikiria ile kijani peke yake, bila mtu. Kama niliiona kweli, kwa nini ilitokea mara moja? Kitu gani kilikuwa tofauti mara ile? Yeye alikuwa akizima mtandao kwa kubonyeza. Ukibonyeza, mtandao unakufa mara moja. Ukibonyeza tena, unafufuka mzima. Lakini mtandao wa Bodo haufi hivyo. Ninaujua. Nilipokuwa bibi harusi mgeni nyumbani kwa mama mkwe, nikitaka kumpigia mama yangu, ilibidi nisimame kando ya banda la kuku. Hapo simu ilishika. Nikivuta hatua kuelekea mikoko, maneno yakaanza kukatika, yakaja nusu nusu, yakapotea, yakarudi, mama yangu akajibu swali nililomuuliza kabla ya lile la mwisho. Mtandao wa Bodo unayumba. Labda mara ile moja, bila mtu kubonyeza chochote, uliyumba.

Kesho yake nilimwambia mkurugenzi kwamba ninataka kujaribu tena, safari hii kule kule, na bila kubonyeza. "Nenda naye," akasema. "Mkiona, mwone wawili."

Sikutaka kwenda naye. Nilikwenda naye. Tulipanda gari la ofisi, na njia nzima alizungumza na dereva kuhusu mpira. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mpira mapajani kama mtoto.

Hatukwenda zahanati, tulikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama mkwe. Alitoka akijifunga leso vizuri. Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu tena."

Tena. Nilisimama pale na mguu wangu wa mpira nikalisikia neno lile likinizunguka. Kumbe siku ile ya jaribio mume wangu alimleta hapa kula chakula cha mchana. Mama mkwe mwenyewe alinieleza, kwa furaha, bila kujua anachonifanyia: alimpikia muhogo wa nazi na kaa, na mtoto huyu wa watu alikula vizuri, akavunja magando kwa meno kama mtu wa Bodo hasa. Mimi sili kaa. Wananiwasha. Tangu nimeolewa mama mkwe amekuwa akinipikia samaki mbali, kwa chungu chake, na ameniambia si mara moja kwamba ni hasara kuolewa Bodo usile kaa.

"Shikamoo mama," nikasema, nimechelewa.

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Tulitandika mkeka kando ya banda la kuku, tukaufunga ukanda kwenye mguu wa mpira. Nilikuwa nimempa tableti mwenzangu, yenye skrini ile ile anayoiona daktari, na laini ya mtandao mwingine ulioshika vizuri pale uani. Kifaa nilikibeba mimi, pamoja na mguu wake. Nilianza kutembea kuelekea mikoko polepole, nikisimama, nikirudi kidogo, nikisonga tena, kama nilivyokuwa nikifanya zamani nikiitafuta sauti ya mama yangu. Mama mkwe alituangalia kutoka mlangoni. Alimuuliza mwenzangu mguu ule ni wa nani, na mwenzangu akamwambia ni wa mtoto wa kuigiza. Mama akasema, "Maskini," akarudi jikoni.

Mara ya kwanza haikutokea kitu. Mara ya pili vilevile. Jua lilikuwa limepanda, shati limenishika mgongoni, na nilianza kuyasikia tena maneno ya mkurugenzi. Uliona, au ulitaka kuona? Nilisogea tena, mpaka alama ya mtandao ikawa inawaka na kuzimika. Nikauamuru mguu uzidiwe. Kifaa mkononi mwangu kikaanza kulia, nyekundu. Nikasimama hapo hapo, mtandao ukiyumba.

"Unaona nini?" nikaita.

Nikageuka. Alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, ameiinamia tableti.

"Unaona nini?"

"Green," akasema. "Aki, ni green."

Nilirudi mbio. Tuliitazama pamoja, kichwa kwa kichwa. Kifaa kilikuwa kikilia mkononi mwangu na skrini ya daktari ikisema mtoto hajambo, na ilisema hivyo kwa muda mrefu wa kutosha mtoto kuharibika.

Yeye ndiye aliyeng'amua sababu, palepale, akichora kwa kijiti kwenye mchanga. Mtandao ukiyumba, kipimo kipya kilikuwa kikipenya kwanza. Vile vya zamani, vilivyokuwa vikisubiri ndani ya kifaa, vilifuata nyuma yake kwa kuchelewa. Na hifadhidata ya kukodi ilichukua kilichofika mwisho kuwa ndiyo hali ya sasa. Haikudanganya, ndivyo ilivyoundwa, na kwa biashara nyingi haidhuru. Lakini kwetu, hali ya zamani ya mtoto ilikuwa ikikaa juu ya hali yake ya sasa na kuifunika.

Nilingoja ajitetee. Ningejitetea mimi. Badala yake alitoa simu, akampigia mkurugenzi, akaiweka sauti nje.

"Daktari, alikuwa right tangu mwanzo. Mimi ndio nilikuwa natest vibaya. Nilikuwa nabonyeza tu button. Nimeiona na macho yangu."

Mkurugenzi akasema, "Vizuri. Mrudi salama." Basi.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimeshinda, na ameshuhudia mwenyewe aliyeshindwa. Lakini namna alivyoshindwa ilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kushinda. Ilikuwa nyepesi, kama mtu anayevua kanzu. Nikaona wivu wangu wa zamani si kitu. Nilikuwa nimeionea wivu kazi yake na kicheko chake, na sasa nikaionea wivu tabia yake, jambo ambalo halina dawa.

"Dawa yake ni rahisi," akaendelea, akifuta mchoro kwa kiganja. "Tusikubali kipimo kifunike kingine. Vyote vikae. Halafu hali ya sasa tuipate kwa saa ya kifaa, si kwa saa ya kufika."

"Seva yangu ilikuwa ikifanya hivyo," nikasema. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Najua. Nilisoma programu yako yote wiki ya kwanza. Hapo ndio nimeitoa." Akaniangalia. "Nilidhani hii ya kukodi inafanya hivyo yenyewe. Nilifaa kukuuliza. Lakini wewe hukuwa unataka kuongea na mimi."

Alisema bila lawama. Kuku mmoja alikuwa ameanza kuudonoa mguu wa mpira nilioulaza mkekani, nikamfukuza, nikashukuru kwa kupata kazi ya kufanya. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisoma programu ile yote. Mume wangu hakuwahi, mkurugenzi hakuwahi. Nilitaka kumuuliza ameionaje, kama kile kipande cha katikati nilichokihangaikia miezi mitatu amekielewa. Sikumuuliza. Mama mkwe akatuita tule.

Kulikuwa na kaa. Na mimi nikapewa samaki wangu, mbali.

Tukarekebisha. Mwenzangu aliandika, mimi nikajaribu, na safari hii niliipitisha hifadhidata yake kwenye kila kona mbovu ya mtandao niliyoijua, Bodo, Kinondo, hata barabara ya Kinango ambako simu hupotea nyuma ya vilima. Haikunidanganya tena. Mwisho niliketi kuandika matokeo. Ningeweza kuandika kwamba haifai. Sababu zingepatikana, sababu hazikosekani kwa anayezitafuta. Niliandika kwamba inafaa, kwa masharti: vipimo visifunikane, saa ya kifaa ndiyo ihesabiwe, na kila mwenye hifadhidata akiibadilisha, sisi tuijaribu upya kabla ya kuiamini. Mkono ulikuwa mzito, lakini niliandika. Mkurugenzi alisoma yote akiwa amesimama, akaweka sahihi, akasema, "Hii ni kazi ya haki." Ni maneno marefu kutoka kwake.

Seva niliizima mwenyewe. Sikutaka mwingine aiguse. Feni ilipunguza mwendo, ikanyamaza, na kutoka ofisini nikasikia mtu akisema, "Alhamdulillahi, joto limekwisha."

Msimu wa mvua ulipoingia, alizaliwa mtoto kwenye zahanati ya mume wangu, kabla ya siku zake. Ilikuwa alasiri, mvua inapiga mabati, mtandao unayumba kama inavyokuwa siku za mvua. Mtoto alifungwa ukanda, akawa kijani, na mume wangu akaenda kumhudumia mama aliyekuwa akivuja damu. Mtoto akazidiwa nyuma yake. Kifaa kililia, lakini mvua ile ya mabati haikumwachia mtu asikie kitu. Kwenye skrini ya daktari, mbali na mvua, mtoto alikuwa mwekundu na alibaki mwekundu. Daktari akapiga simu, ikashika. Mume wangu akageuka, akamkuta mtoto amekuwa wa buluu midomoni, akampulizia pumzi kwa mfuko wa hewa na barakoa mpaka alipolia.

Siku ya pili alipiga simu ofisini kutushukuru. Mimi nilikuwa jikoni ninamimina chai. Simu aliipokea mwenzangu, na kupitia mlango nilimsikia mume wangu kwenye sauti ya nje akisema, "Asanteni sana, dada. Mungu awabariki." Ofisi ilipiga makofi. Wakamkumbatia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na simu. Nilikunywa chai yangu pale pale jikoni mpaka ikaisha.

Jioni nyumbani mume wangu aliniambia tena. "Mlifanya kazi kubwa," akasema, na machozi yalimlengalenga, yeye ambaye hulia kwa nadra. Mlifanya. Nilitaka aseme ulifanya. Hilo tu. Nilimshika mkono, nikanyamaza, kwa sababu kulikuwa na mtoto mzima, hai, na si wakati wa mtu kudai herufi.

Bado tunafanya kazi pamoja, mimi na yule dada. Kiswahili chake kimenyooka; watu wanamdhania wa Diani. Mwenye hifadhidata akiibadilisha kule aliko, tunachukua mguu wa mpira tunakwenda Bodo, na siku hizi njiani tunazungumza. Hata ninampenda, kwa namna fulani. Wivu haujaondoka, unakaa nasi kwenye gari, kimya, na tumezoeana.

Jambo moja nimejiwekea. Mwezi mmoja baada ya ile siku ya mvua nilikwenda zahanati kumpelekea mume wangu chakula, na ilikuwa siku ya chanjo. Mama mmoja kijana, kwenye benchi, alinipa mtoto wake nimshikie atafute kadi yake mkobani. Mume wangu akanipa ishara kwa macho: ndiye yule mtoto. Alikuwa amenenepa, amevishwa kofia ya sufu kwenye joto lile, na alinishika kidole kwa nguvu kama mtu anayenifahamu. Mama yake hakujua mimi ni nani. Alimchukua, akanishukuru, akaenda kwenye foleni.

Ofisini niliporudi mwenzangu aliniuliza habari za Bodo. Nikamwambia ni nzuri. Sikumwambia kwamba nilimbeba.